Tumia Karama Yako Kuwahudumia Wengine: Hatua kwa Hatua kwa Anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. Nitaijuaje karama yangu? Mbona wenzangu wanaimba na kuhubiri, mimi sioni kitu? Nianzie wapi bila kuonekana najipendekeza? Wengi wanaouliza hivi wamesubiri ishara kwa miaka. Wengine wamejaza fomu ndefu za maswali, zikawaambia wana karama ya uongozi, kisha wakarudi kukaa kwenye benchi lile lile.

Jibu letu ni fupi: karama hutambulika mikono ikiwa kazini. Tazama hitaji lililo mbele yako, shika kazi ndogo kwa muda uliowekwa, halafu wasikilize waliohudumiwa. Jina la karama litakuja lenyewe. Lisipokuja, angalau kazi imefanyika na mtu amesaidiwa.

Mwongozo huu ni wa wiki 12. Unafaa kwa aliyeokoka mwaka jana na kwa aliyezaliwa kanisani ila hajawahi kushika kazi yoyote.

Nadharia kidogo, tumalizane nayo

Karama ni uwezo ambao Roho Mtakatifu humpa mwamini kwa faida ya wenzake. 1 Wakorintho 12:7 inasema hivyo waziwazi. Kipaji cha kuzaliwa nacho kinaweza kuwa chombo cha karama. Katika Kutoka 31, Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Kwa hiyo fundi asijione mdogo mbele ya mhubiri. Tunda la Roho ni jambo jingine: upendo, uvumilivu, upole na mengine ya Wagalatia 5:22–23 hudaiwa kwa kila mwamini. Hakuna ruhusa ya kusema "upole si karama yangu".

Warumi 12:6–8 inataja karama 7. 1 Wakorintho 12:8–10 inataja 9, Waefeso 4:11 inataja watumishi, na 1 Petro 4:10–11 inazifunga zote katika mafungu mawili: kusema na kuhudumu. Orodha hizi hazilingani, wala hakuna inayodai kumaliza hesabu. Usihangaike basi kama unachokifanya vizuri hakikutajwa kwa jina. Kuhusu lugha, unabii na uponyaji, makanisa hayana msimamo mmoja. Fuata utaratibu wa kanisa lako. Hatua zilizo hapa chini zitakufaa kokote.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kanisa au kikundi cha ushirika ambako watu wanakujua kwa jina. Ukiwa unahamahama kila mwezi, tulia kwanza mahali pamoja.
- Saa 2 kwa wiki ambazo huziibi kwa mtu mwingine. Kama una mwenzi, zungumzeni kwanza. Huduma inayoanza kwa ugomvi nyumbani haifiki wiki ya 6.
- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari halikuiti kwingine.
- Msimamizi mmoja: mzee wa kanisa, shemasi, katekista, kiongozi wa idara, yeyote utakayewajibika kwake.
- Watu 3 wa kukuambia ukweli. Mama yako mzazi na mchumba wako wasiwemo. Hao watakusifu hata ukiharibu.

Huhitaji cheo, cheti, sauti nzuri wala kuwekewa mikono kwanza. Na kama uko kwenye dhambi unayoificha, au una mtu msiyesemeshana, kalishughulikie hilo kabla. Mathayo 5:23–24 haikuacha mlango wa nyuma.

Hatua ya 1: Soma vifungu vinne (wiki ya 1)

Soma Warumi 12, 1 Wakorintho 12 hadi 14, Waefeso 4:1–16 na 1 Petro 4:7–11. Siku moja fungu moja, kisha rudia. Andika maneno yanayojirudia. Utaona "mwili", "viungo", "kujenga" na "upendo", na utaona kwamba sura ya 13 ya 1 Wakorintho imewekwa katikati ya sura mbili za karama. Kuisoma arusini ni sawa, lakini iliandikiwa kanisa lililokuwa likigombania karama.

Warumi 12:8 isome taratibu. Mwenye kukirimu afanye kwa moyo mweupe, mwenye kusimamia kwa bidii, mwenye kurehemu kwa furaha. Kila karama hapo imetajwa pamoja na dawa ya ugonjwa wake. Mtoaji hujaribiwa na nia mbili, msimamizi hujaribiwa na uvivu, na anayewahurumia watu hujaribiwa kubeba uso wa msiba hadi mgonjwa aanze kumfariji yeye.

Hatua ya 2: Orodhesha mahitaji, karama ziache kwanza (wiki ya 1 na 2)

Siku ya ibada, fika dakika 30 kabla na ondoka dakika 30 baada ya wengine. Zunguka na daftari. Andika unachokiona, usiandike unachodhani. Nani amefika peke yake na ameondoka bila kusalimiwa? Nani anapanga viti, na yuko peke yake tangu lini? Je, watoto wa miaka 4 wanafundishwa chumba kimoja na wa miaka 12, na mwalimu ni mmoja? Yule mzee aliyekuwa akikaa safu ya pili haonekani tangu lini?

Malalamiko nayo yaandike. Katika Matendo 6 kazi mpya ilitokana na manung'uniko: wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Waliagiza wachaguliwe watu 7 wenye kushuhudiwa mema, waliojaa Roho na hekima, na mmoja wao, Filipo, baadaye tunamwona akihubiri Samaria. Alianza kwa kuhudumu mezani.

Ukimaliza, orodha yako iwe na mahitaji kati ya 8 na 15. Yakiwa 3 tu, hukutazama vizuri.

Hatua ya 3: Chagua kazi moja

Moja. Kosa la kwanza la anayeanza ni kushika kwaya, watoto, usafi na maombi ya usiku kwa pamoja. Wiki ya 5 anaanza kutoa udhuru kila mahali. Kazi nzuri ya kuanzia ina sifa tatu: ni ndogo, ina mwisho unaojulikana, na kuna mtu wa kumpelekea taarifa.

Kama unahisi kuvutwa upande fulani, jipime kwa kazi hizi:

- *Kufundisha*: kuwa msaidizi wa mwalimu aliyepo, ukishika dakika 10 za somo, si somo zima.
- *Kuhurumia*: kumtembelea mgonjwa au mfiwa mmoja kila wiki, mkiwa wawili.
- *Masaidiano*: viti, usafi, vyombo, usafiri wa asiyeweza kutembea. Dorkasi wa Yafa alishona kanzu na nguo. Alipokufa, wajane walizionyesha wakilia.
- *Kusimamia*: kutengeneza na kufuatilia orodha ya zamu ya idara moja.
- *Kuonya*: katika Warumi 12 neno hili halina maana ya kukaripia tu. Neno la Kigiriki lililoko hapo hubeba pia kutia moyo na kufariji. Anza kwa kuwafuatilia waumini 2 waliokata tamaa.
- *Kukirimu*: kugharimia hitaji moja kupitia mtunza hazina, bila jina lako kutajwa.
- *Uinjilisti*: kufuatana na mtu mzoefu, wewe ukisikiliza zaidi kuliko kusema kwa wiki 4 za kwanza.
- *Kukaribisha wageni*: kusimama mlangoni na kukumbuka majina.

Huvutwi kokote? Chukua hitaji ambalo halina mtu. Usisubiri hisia.

Hatua ya 4: Omba nafasi kwa maneno ya kawaida (wiki ya 2)

Mwendee anayehusika na idara hiyo, si mchungaji moja kwa moja kama idara ina kiongozi. Sema hivi: "Kaka, nimeona darasa la watoto wadogo lina mwalimu mmoja. Naomba nimsaidie kwa wiki 10, kisha tukae tuone kama nafaa. Nitakuwa chini ya nani?"

Maneno haya yanataja hitaji na muda, na yanakuweka chini ya mtu. Linganisha na "Mungu amenionyesha niwe mwalimu wa watoto". Ukisema hivyo umemfungia mwenzako mdomo: akikataa ataonekana anampinga Mungu, akikubali hawezi tena kukurekebisha. Acha wengine waseme kwamba Mungu amekuita.

Ukiambiwa subiri, subiri. 1 Timotheo 3:10 inataka mashemasi wajaribiwe kwanza, na mstari wa 6 unatahadharisha kuhusu aliyeongoka karibuni. Lakini uliza usubiri mpaka lini, na ufanye nini kwa sasa.

Hatua ya 5: Fanya kazi yenyewe (wiki ya 3 hadi ya 12)

Hapa ndipo mambo huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

*Kumtembelea mgonjwa.* Piga simu kwanza, uliza saa inayofaa. Nendeni wawili. Hospitalini kaeni dakika 15 hadi 20. Nyumbani zisizidi 40, hata kama mwenyeji anawasihi. Nawa mikono kabla na baada. Vuta kiti ukae macho yenu yakiwa usawa mmoja. Ukisimama juu ya mtu aliyelala, unamfanya ajione ameshakwisha. Usikae kitandani kwake hadi akuambie.

Usiulize undani wa ugonjwa. Asikie habari zozote kwako isipokuwa za jirani yako aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Uliza, "Ungependa tukuombee nini?" na ungoje jibu. Wengi huomba kitu usichokitarajia: usingizi, ada ya mtoto, kupatana na ndugu. Soma kifungu kifupi. Zaburi ya 23 ina mistari 6 na ya 121 ina 8, inatosha. Maombi yasizidi dakika 2, kwa sauti ya mazungumzo.

Mnapoaga, mgeukie anayemwuguza. Mara nyingi yeye ndiye aliyechoka kuliko mgonjwa. "Mkihitaji chochote mtuambie" ni maneno ya kuagia tu; hakuna atakayekupigia simu. Sema, "Alhamisi saa nane nitakuja nikae naye hadi saa kumi na moja, wewe ulale." Kisha uende kweli.

Onyo: usimwambie mgonjwa aache dawa, hata awe na imani ya kuhamisha milima. Yakobo 5:14 inaagiza wazee wa kanisa waitwe kumwombea na kumpaka mafuta, wala haisemi dawa zitupwe.

*Kufundisha.* Andika wazo kuu kwa sentensi moja. Likikuhitaji sentensi tatu, bado hujalipata. Somo la dakika 30 linataka angalau saa 2 za maandalizi: soma kifungu mara 5 kabla ya kufungua kitabu kingine chochote. Andaa maswali 3 yasiyojibika kwa "ndiyo" au "hapana". Ukiuliza swali, nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi 10. Ukimya huo utakutesa wewe kuliko wanafunzi. Mwalimu mchanga huishia 3 na kujijibu mwenyewe, na baada ya mwezi mmoja darasa linajua kwamba halihitaji kufikiri.

Ukikosolewa, mkumbuke Apolo wa Matendo 18. Alikuwa msemaji hodari, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakumsimamisha mbele ya watu, naye hakususa.

*Watoto.* Watu wazima wawili kila wakati, na wasiwe mtu na mwenzi wake peke yao. Mlango wazi, au wenye kioo. Mtu mzima asibaki na mtoto mmoja faraghani kwa sababu yoyote, wala asiwe na mazungumzo ya siri naye kwenye simu. Mtoto akikueleza kwamba anaumizwa, usimwahidi kutunza siri. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, na upeleke taarifa siku hiyo hiyo kwa kiongozi na kwa vyombo vya sheria. Siri za kichungaji hazifuniki jambo hilo.

*Fedha.* Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, mahali panapoonekana, iandikwe papo hapo na wote wawili watie sahihi. Isilale nyumbani kwa mtu. Katika 2 Wakorintho 8:20–21 Paulo hakuibeba changizo peke yake. Aliweka wengine wafuatane nayo ili mtu asiwe na la kumlaumu, akasema anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Mtume akijiwekea ulinzi huo, wewe ni nani uhesabu mwenyewe chumbani?

Mwenye karama ya kukirimu asikope ili atoe, na asitoe mkopo akiuita msaada. Ukimsaidia mtu, usimkumbushe.

*Kusimamia.* Orodha ya zamu iwe na vitu vinne: jina, tarehe, saa na mbadala. Bila mbadala hiyo ni orodha ya matumaini. Kumbusha watu siku moja kabla. Katika Kutoka 18, Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni akamwambia atachoka yeye na watu pia. Shauri lake lilikuwa la hesabu: wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Ukijikuta unafanya kazi zote za idara, karama yako huitumii. Unazima za wenzako.

*Unabii, lugha na maombezi ya kuponya.* Pale kanisa lako linaporuhusu, kanuni za 1 Wakorintho 14:27–29 ni za kuhesabika: wanenao kwa lugha wawili au wasiozidi watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri, asipokuwepo mfasiri, mnenaji anyamaze katika kanisa. Manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Ukipata neno kuhusu mtu, mpelekee mzee wa kanisa kwanza. Usitumie "Bwana asema" kuhusu nani aoane na nani, nani ni mchawi wa nani, au fedha. Pakiwepo malipo ya maombi, jiondoe.

Hatua ya 6: Andika kila mara

Baada ya kila huduma tumia dakika 5 kuandika mambo manne: nimefanya nini, nani amefaidika na nimejuaje, nimejisikiaje, nirekebishe nini. Kwa mfano: "Nimeshika dakika 10 za somo. Watoto 2 waliokuwa kimya wamejibu. Nimechoka ila nataka kurudi. Kifungu kilikuwa kirefu, nipunguze." Mistari minne tu. Ukiruka wiki mbili, kumbukumbu yako itaanza kukudanganya, kwa kujisifu au kwa kujilaumu.

Habari za siri za watu usiziandike. Daftari hupotea.

Hatua ya 7: Waulize watu watatu (wiki ya 4, 8 na 12)

Usiulize "Je, nafanya vizuri?" Utajibiwa "Vizuri sana, Mungu akubariki", na hutajifunza chochote. Uliza:

1. Ni nini nikikifanya unaona watu wanajengwa?
2. Ni nini nikikifanya unatamani nisingekifanya?
3. Nikiacha kazi hii kesho, nani ataumia?

Swali la pili likipata "hakuna", ling'ang'anie kwa upole. Kila mtu ana jibu. Ukilipata, sema asante na unyamaze. Ukijitetea mara moja tu, hutaambiwa ukweli tena.

Hatua ya 8: Pima, kisha amua (wiki ya 12)

Kaa na msimamizi wako mkiwa na daftari. Tazameni mambo manne. Kwanza, kuna mtu aliyejengwa, na mnaweza kumtaja? Pili, wengine wanathibitisha, au ni wewe peke yako unayeiona karama hiyo? Tatu, unachoka namna gani: uchovu wa mkulima aliyevuna, au uchovu wa kubeba mzigo usio wako? Nne, tabia yako imekuwaje nyumbani? Waulize wa nyumbani. Wao ndio wanaojua.

Majibu mengi yakiwa mazuri, endelea na uongeze wajibu kidogo. Yakiwa mchanganyiko, badilisha kazi ndani ya idara ile ile kwa wiki 6. Yakiwa mabaya, acha kwa heshima na urudi kwenye orodha ya Hatua ya 2. Hujashindwa: umegharamika saa 24 kujua ulipo na usipokuwepo, na wapo waliotumia miaka 20 kwa jambo hilo.

Hatua ya 9: Inoe, na umwandae mwingine

Paulo alimwandikia Timotheo mara mbili kuhusu jambo hili: asiache kuitumia karama iliyomo ndani yake (1 Timotheo 4:14), na aichochee (2 Timotheo 1:6). Moto usiochochewa hufunikwa na majivu. Chagua jambo moja la kuboresha kila miezi 3. Kuanzia mwezi wa 6, tafuta mtu mmoja wa kufuatana nawe: kwanza atazame, kisha msaidiane, kisha afanye wewe ukitazama. Barnaba alikwenda Tarso kumtafuta Sauli, ndiye Paulo, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Baadaye Sauli alisikika kuliko yeye, na hakuna mahali Barnaba analalamika.

Ukikwama

*Nimeomba nafasi, sijajibiwa.* Rudi baada ya wiki 2, kisha tena baada ya 2. Wakati huo fanya yasiyohitaji ruhusa: kumtembelea mzee mpweke, kumwandikia mtu aliyekata tamaa, kukusanya takataka baada ya ibada.

*Nina hofu ya kusimama mbele za watu.* Usianzie mbele za watu. 1 Petro 4:11 inaanza na wanaosema na kumalizia na wanaohudumu, na wote wanamtegemea Mungu yule yule. Kama kweli ni mwalimu, itaonekana ukiwa na mtu mmoja mezani.

*Mwenzangu ana karama kama yangu na anapendwa zaidi.* Fanyeni kazi pamoja kwa wiki 4, wewe ukiwa msaidizi wake. Wivu hupungua ukijua mtu anavyotaabika kuandaa kile unachokiona kirahisi.

*Kila mtu ananiita mimi.* Hesabu saa zako. Zikizidi 6 kwa wiki nje ya ajira na familia, umepita kiasi kwa anayeanza. Jifunze kusema, "Hilo siliwezi wiki hii, mwulize fulani." Katika Marko 6:31 Yesu aliwaita wanafunzi wake faraghani wapumzike kidogo, na watu walikuwa bado wanakuja na kwenda.

*Ninasifiwa, na nimeanza kupenda sifa.* Ongeza kazi moja isiyoonekana kila wiki: kuosha vyombo, kufagia, kutoa kwa siri. Kiburi hakipendi ufagio.

*Wiki ya 7, hamu imeisha.* Karibu kila mtu hufika hapo. Mng'ao wa upya umekwisha na mazoea bado hayajashika. Maliza wiki zilizobaki kama ulivyoahidi; usiamue lolote kabla ya wiki ya 12.

*Nimemkosea niliyemhudumia.* Mwendee ndani ya siku 2, taja kosa lenyewe, omba radhi bila kuongeza "lakini". Mjulishe msimamizi wako kabla habari haijamfikia kwa njia nyingine. Kama ulitoboa siri ya mtu, pumzika katika kazi hiyo hadi msimamizi aseme rudi.

*Kiongozi anatumia huduma yangu kujinufaisha.* Zungumza naye faragha, kisha na shahidi, kisha ulifikishe kwa baraza la kanisa. Ndio mpangilio wa Mathayo 18:15–17. Kama jambo ni uhalifu, polisi hawasubiri hatua ya tatu.

*Nataka kuacha.* Toa taarifa ya wiki 4. Mkabidhi anayekufuata ufunguo, orodha ya zamu, majina ya wanaotembelewa na siku zao, pamoja na madeni kama yapo. Nenda naye mara moja kwa kila mtu uliyekuwa ukimhudumia, umtambulishe kwa jina. Bibi aliyezoea kukuona kila Alhamisi asiletewe mgeni mlangoni bila wewe kuwepo.